Waya za meno na maisha ya bweni: binti abebe vifaa gani vya kusafishia?

Mzazi_Katubuka (Kigoma)

Habari za jioni wakuu. Binti wa miaka 14, kidato cha pili, ana waya za meno juu na chini, zile za vibati vya chuma na vimpira. Sasa yuko likizo Kigoma, shule ikifunguliwa anarudi bweni Tabora. Anatumia mswaki wa kawaida tu. Kila akimaliza kupiga mswaki bado unabaki ukanda mweupe laini kati ya vibati na fizi, na fizi za mbele juu zimevimba, zinatoka damu.

Naona vitu vingi vinauzwa: mswaki uliochongwa katikati, vibrashi vya kupenyeza, uzi wa meno, mashine ya maji, mswaki wa umeme. Bibi yake anasema mswaki wa mti unatosha. Fedha si nyingi. Kipi ni lazima, kipi niache, na kwa muhula mmoja vinatosha vingapi? Bwenini maji ni ya ndoo na umeme wa kuchajia si wa uhakika.

Kinywa_Tabora

Pole sana mzazi, na pole kwa binti. Anza na huo ukanda mweupe, maana ndio unaokuambia ununue nini. Huo ni ukoga: vijidudu vilivyogandana na mabaki ya chakula. Kibati kimekaa kwenye jino kama kirafu, na ukoga umejibanza juu ya hicho kirafu, upande wa fizi. Mswaki ukipita bapa unasugua uso wa kibati, nywele zinaruka ile kona. Kibati kinang'aa, kona imebaki vilevile. Ndiyo maana anapiga mswaki kila siku na bado fizi zinavimba.

Vitu vya lazima kwangu ni vitatu.

Cha kwanza, mswaki wenye kichwa kidogo na nywele laini. Kwenye pakiti huandikwa "soft". Uache ule mgumu: unachubua fizi, na nywele zake hazipindi kuingia konani. Mswaki uliochongwa mfereji katikati ni mzuri, kwa sababu waya inakaa mferejini na nywele ndefu za pembeni zinafika juu na chini kwa mpigo mmoja. Lakini ukiukosa Kigoma usihangaike kuuagiza Dar, mswaki laini wa kawaida unafanya kazi hiyohiyo ukilazwa sawasawa.

Cha pili, vibrashi vya kupenyeza, vile vidogo kama kibrashi cha kusafishia chupa ya mtoto. Hapa ndipo ningeweka fedha. Hakuna kifaa kingine cha bei ndogo kinachoingia chini ya waya, katikati ya kibati na kibati.

Cha tatu, dawa ya meno yenye floraidi. Geuza tyubu usome nyuma: tafuta namba kati ya 1,000 na 1,500 ppm, nyingi nzuri ni 1,450. Zenye floraidi zaidi ya hapo ni za kuandikiwa na daktari. Dawa za kung'arisha meno na za unga wa mkaa ziacheni. Zinakwaruza, na sehemu iliyo chini ya kibati haiguswi, kwa hiyo siku waya zikitolewa jino linaweza kuonekana na rangi mbili.

Floraidi ni ya lazima kwa sababu ukoga ukila sukari unatoa tindikali inayonyonya madini ya jino kuzunguka kibati. Linatokea doa jeupe kama chokaa, nalo linaweza kuanza ndani ya mwezi mmoja tu. Waya zikitoka, doa linabaki limechora umbo la kibati. Mkaushe binti meno kwa kitambaa safi, mulika kwa tochi ya simu: ukoga ukiugusa kwa kijiti unatoka, doa halitoki. Ukiona doa, mwambie daktari wake kabla hajasafiri.

Fundi_wa_Vibrashi

Naongeza kwenye vibrashi, maana wengi wananunua saizi kwa kubahatisha, vinapinda siku ya pili, wanasema ni vibovu.

Rangi hazifanani kwa watengenezaji wote. Kwa TePe, kampuni mojawapo ya vibrashi, pinki ni milimita 0.4, rangi ya chungwa 0.45, nyekundu 0.5, bluu 0.6, njano 0.7, kijani 0.8. Hiyo ni namba ya waya wa kibrashi, si upana wa nywele. Kwa kampuni nyingine soma namba kwenye pakiti. Katikati ya jino na jino kwa umri huo mara nyingi inaingia 0.4 hadi 0.5. Chini ya waya za meno, penye nafasi pana, 0.6 hadi 0.8. Kama ni kununua saizi moja tu, chukua ya chini ya waya. Njia nzuri zaidi ni kumwomba daktari apime mdomoni, ni kazi ya dakika mbili.

Saizi sahihi unaijua hivi: nywele zinagusa pande zote mbili, lakini waya wa kibrashi haukwaruzi kitu. Ukilazimika kusukuma, ni kikubwa. Kikipita bila kugusa popote, ni kidogo.

Namna ya kukitumia: pinda shingo yake kidogo kwa kidole, polepole, mara moja tu. Mtoto asimame mbele ya kioo. Kwa meno ya juu, kiingize kutokea upande wa fizi, kikielekea chini nyuma ya waya, sambamba na jino, kisha sugua ubavu wa kibati mara nne au tano. Kitoe, kiingize kutokea chini kuelekea juu, sugua ubavu wa kibati jirani. Watu wengi wanaingiza upande mmoja tu, ndiyo maana nusu ya kibati inabaki chafu. Suuza kibrashi kila baada ya meno matatu au manne, la sivyo unahamisha ukoga kutoka jino hili kwenda lile. Dawa ya meno si lazima kuipaka.

Kimoja kinadumu kama wiki. Waya ukipinda pembe kali au nywele zikinyonyoka, tupa. Waya uliochoka unakatikia mdomoni.

Mzazi_Katubuka (Kigoma)

Asanteni sana, nimeanza kuelewa. Sasa huo mswaki "kulazwa sawasawa" ndio vipi? Na uzi wa meno nao? Jirani ameniambia nilon nyembamba ya kuvulia inaweza kutumika badala ya uzi, hapa Kibirizi ipo tele.

Kinywa_Tabora

Nilon ya kuvulia hapana kabisa, mzazi. Ni ngumu na ni ya duara, ikishuka ghafla kati ya meno inapasua fizi. Uzi wa cherehani nao hapana: unachambuka, na nyuzi zake zinanasa kwenye kona za vibati.

Uzi wa meno wenyewe ni mzuri, shida yake ni kwamba waya imeziba njia. Unahitaji kitanzi cha kupitishia, kile cha plastiki kinachofanana na tundu kubwa la sindano, au uzi ambao ncha yake imekaushwa ikawa ngumu. Kata sentimita 45. Pitisha ncha chini ya waya, vuta, kisha shusha uzi kati ya meno mawili kwa kuusogeza mbele na nyuma. Ukumbatishe kwenye jino moja, panda na kushuka mara tatu, hamia jino jirani. Kuutoa, achia upande mmoja uuvute kwa pembeni. Ukiuvuta kwenda juu unaweza kuing'oa waya kwenye kibati. Mdomo mzima ni dakika kumi hadi kumi na tano kwa asiyezoea. Kwa mtoto wa bweni, ukweli ni kwamba hatafanya kila usiku. Afanye Jumamosi na Jumapili, siku nyingine vibrashi vifanye kazi.

Kuhusu kulaza mswaki. Kwanza asukutue kwa maji matupu kwa nguvu, chembe kubwa zitoke. Kama ana vimpira vya kuvuta taya, vile anavyovivaa mwenyewe, avitoe. Halafu kila jino lina mistari mitatu. Mstari wa fizi: nywele zielekee kwenye fizi, mswaki umeinama nyuzi 45, viduara vidogo, meno mawili kwa wakati mmoja, kama mara kumi. Mstari wa pili: geuza mswaki nywele zitazame chini, ziingie juu ya kibati. Wa tatu: nywele zitazame juu, ziingie chini ya kibati. Baada ya hapo ndani ya meno, juu ya magego, na ulimi. Haiishi chini ya dakika nne. Akimaliza kwa dakika moja na nusu, jueni mstari wa fizi umerukwa.

Mwisho ateme povu, asisukutue. Floraidi inayobaki ndiyo inayofanya kazi usiku. Hili linafaa hata kwa maji ya ndoo: kikombe kimoja kinatosha, nusu kwa kusukutua mwanzo, nusu kwa kusuuza mswaki na vibrashi.

Damu isimwogopeshe akaacha kupiga pale panapotoka. Hapo ndipo pa kupiga, taratibu. Uvimbe wa ukoga kwa kawaida unapungua ndani ya wiki moja hadi mbili. Kama haupungui, au fizi inaanza kupanda juu ya kibati, huenda kuna ugaga, yaani ukoga uliokwisha kuwa mgumu. Huo hautoki kwa mswaki, unahitaji kukwanguliwa. Akiwa Kigoma aende hospitali ya Maweni, akiwa Tabora hospitali ya Kitete. Si lazima kungoja tarehe ya daktari aliyemfunga waya.

Mwana_Ujiji

Mkuu, kwa fizi zilizovimba si angenunua tu ile dawa ya kusukutua ya klorheksidini? Inakausha haraka.

Kinywa_Tabora

Inasaidia, ila ni ya muda mfupi, wiki mbili, na ni vizuri daktari aseme. Ikizidi inaacha rangi ya kahawia kwenye meno na kuzunguka vibati. Pia isitumiwe papo hapo na dawa ya meno, baadhi ya viambato vya povu vinaipunguza nguvu. Iachane nayo nusu saa. Na haiondoi ukoga uliokwisha kujibanza, lazima usuguliwe.

Kama shavu limechubuliwa na kibati, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu kinatosha kusukutua. Chumvi yoyote, hata ya Uvinza. Kusukutua tu, asisugulie meno kwa chumvi.

Fundi_wa_Vibrashi

Mashine ya maji: inatoa chembe za chakula vizuri, lakini ukoga ulioshika hautoki wote. Ni nyongeza ya mswaki. Inataka chaji, inataka maji safi yaliyochemshwa, na tangi lisipokaushwa linaota ukungu. Kwa bweni ulilolieleza, iache.

Mswaki wa umeme: ni mzuri kwa mwenye mkono mzito, lakini kabla hujanunua uliza kama vichwa vya kubadilishia vinapatikana ulipo. Kichwa kikichakaa na hakuna kingine, fedha imekwenda.

Mswaki wa mti: bibi hajakosea kwa meno yasiyo na waya. Hapa nyuzi zake zinanasa kwenye vibati na hauingii chini ya waya. Ukisukumwa kwa nguvu unaweza kubandua kibati.

Hesabu ya muhula wa miezi mitatu, akipiga mswaki asubuhi, baada ya chakula cha mchana na kabla ya kulala:

Miswaki 2, kwa sababu kwenye vibati nywele zinatawanyika ndani ya wiki sita hivi. Vibrashi 14, yaani kimoja kwa wiki na akiba. Dawa ya meno tyubu 2 za gramu 140: akitumia kama gramu moja kila mara, zinaliwa gramu 270. Uzi wa meno mita 50 mmoja, unabaki. Vitanzi vichache, vinaoshwa na kutumika tena. Nta ya meno kasha 1, ya kufunikia kibati au ncha ya waya inayochoma. Na kioo kidogo cha mkononi, hiki watu wanakisahau kabisa, bila kioo mtoto anasugua kwa kupapasa.

Mswaki usifungiwe kwenye kasha ukiwa umelowa. Usimame wima ukauke.

Nyamwezi_Ipuli

Mwangaluka mzazi. Msimu wa maembe Tabora umuonye: nyuzi za embe zinajisokota kwenye waya, na mswaki peke yake hauzitoi. Alikate kwa kisu, asing'ate kokwa. Miwa na mahindi ya kuchoma ya gunzi yanabandua vibati. Asali nayo, akila, asukutue maji papo hapo.

Mzazi_Katubuka (Kigoma)

Asanteni mno. La mwisho: nitajuaje kama anasafisha vizuri kabla hajaondoka? Zimebaki siku tisa.

Kinywa_Tabora

Kuna vidonge vya kutia ukoga rangi. Ukivikosa, chukua rangi nyekundu ya chakula, ile ya keki. Matone mawili kwenye kijiko cha maji, apake meno kwa pamba ya kijiti, ateme, asukutue mara moja. Palipobaki pekundu kuna ukoga. Apige mswaki na vibrashi huku anatazama kioo mpaka rangi iishe, na wewe mulika tochi uone kona za upande wa fizi, hasa kwenye chonge na magego. Fanyeni usiku, midomo inabaki na rangi kwa saa kadhaa. Angalia kwanza vimpira vya kwenye vibati: kama ni vya rangi ya maji vitashika wekundu, na havitarudi mpaka daktari avibadilishe. Kama ni vya kijivu au bluu, endeleeni. Siku ya kwanza, ya nne na ya nane zinatosha kuona tofauti.