Quill kwenye Spectrum: naamuru mlango ufungwe, unafunguka. Ushauri wakuu

Mlango_Mkaidi: Wakuu, nimekwama wiki nzima. Natengeneza mchezo wa maandishi kwa Quill, ile programu ya kuundia michezo ya aina hiyo, kwenye ZX Spectrum 48K, kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980. Mlango wa ghala nikiuamuru ufungwe, unafunguka. Ukiwa wazi nikisema ufunguliwe, unafungwa! Kaseti imekufa au?

Bisibisi: Safisha kichwa cha rekoda kwa spiriti, kisha zungusha skrubu ya pembeni ya kichwa kidogo kidogo mpaka sauti iwe kali. Kichwa kikikaa upande ndipo unapata "R Tape loading error".

Mlango_Mkaidi: Inapakia vizuri mkuu.

Bisibisi: Safisha tu.

Fundi_Z80: Kaseti haigeuzi maana ya amri. Bandika mistari ya mlango.

Mlango_Mkaidi:
FUNG MLAN: AT 3, ZERO 11 / SET 11, MESSAGE 4, DONE
FUNG MLAN: AT 3, NOTZERO 11 / CLEAR 11, MESSAGE 5, DONE

Fundi_Z80: FUNG ndiyo nini?

Mlango_Mkaidi: Neno la kawaida tu.

Fundi_Z80: Mchezo ni wa lugha gani?

Mlango_Mkaidi: Kiswahili. Sikuona kama inahusu.

Fundi_Z80: Ndiyo yenyewe hiyo! Quill inahifadhi herufi nne za mwanzo tu: baiti nne za neno, moja ya namba yake. FUNGA, FUNGUA, FUNGUO, zote ni FUNG. Bendera 11, yaani namba inayokumbuka hali ya mlango, ikiwa sifuri mstari wa kwanza unafungua (SET inaifanya 255), ikiwa 255 wa pili unafunga (CLEAR inairudisha sifuri), uandike lolote kati ya hayo. Umetengeneza swichi ya taa. Waingereza haiwasumbui, OPEN na CLOSE zinaachana herufi ya kwanza.

Kijiwe_Cha_Nyuma: Watu wanatafuta ajira, wewe unahangaika na mlango wa 1983 😂

BintiPwani: Funguo iite UFUNGUO, inakuwa UFUN. Kufunga tumia SHINDIKA au KOMEA. FUNG ibaki ya kufungua peke yake.

Mlango_Mkaidi: Dada, nani anaandika "shindika" siku hizi? FUNGA na FUNGUA sizigusi, nimeshamaliza vyumba vyote.

BintiPwani: Basi hamia PAW, programu nyingine ya Gilsoft, kampuni ile ile ya Quill, 1987. Inasoma herufi tano: FUNGA na FUNGU zinaachana. Ila FUNGUO nayo ni FUNGU, kwa hiyo hata huko lazima uiite UFUNGUO.

Mjumbe_wa_Nyumba_Kumi: Hii chai. Spectrum ya kaseti, wiki nzima, na hata picha moja hamna? Tupe orodha ya Vocabulary, maneno ya mchezo na namba zake, tuone.

Mlango_Mkaidi: Sawa, ni Fuse kwenye laptop, programu inayoiga Spectrum, na faili la TAP badala ya kaseti. Kaseti ni namna ya kusema.
KASK 1, KUSI 2, MASH 3, MAGH 4, FUNG 20, PAND 22, MLAN 30

Bisibisi: Nimekufundisha kusafisha faili.

Mjumbe_wa_Nyumba_Kumi: Chai ya rangi, ila orodha ni ya kweli. Mchezo una mashua?

Mlango_Mkaidi: Ipo ufukweni. Kwa nini?

Mjumbe_wa_Nyumba_Kumi: MASHUA na MASHARIKI, MASH na MASH. Mchezaji akiandika MASHUA tu, anakwenda mashariki. Weka NGALAWA.

Fundi_Z80: Na vifupisho usiweke K na M, kila moja inagombewa na pande mbili. Ongeza KAS namba 1, KUS 2, MAS 3, MAG 4. Neno la herufi tatu linajazwa nafasi tupu, kwa hiyo KAS na KASK haziingiliani.

Mlango_Mkaidi: Nimeweka SHIN 21, nikahamishia kwake mstari wa CLEAR. Mlango umetii, dada BintiPwani nimekubali. Ila chumba cha jikoni, CHUNGULIA CHUNGU inaleta vituko.

Fundi_Z80: Hesabu herufi nne, mkuu.

Mlango_Mkaidi: Lo.