Naomba ushauri: kulinda Hiace ya kulala kwa gharama ndogo

Habari zenu wakuu. Nipo Mtwara, nina Hiace niliyong'oa viti vya nyuma nikaweka kitanda, jiko la gesi na betri ya sola. Wikiendi tunalala Mikindani au Msimbati na familia. Wasiwasi ni pale tunaposhuka kuogelea, gari linabaki peke yake. Swichi ya siri nimeshafunga, usipoibonyeza haliwaki. Mlango wa pembeni ndio unaninyima usingizi: kitasa kimelegea, bisibisi tu inatosha kuufungua. Nikichomelea komeo na kufuli kwa nje, chumvi ya bahari haitaila? Na usiku tukilala tufunge vipi kwa ndani, ili moto ukitokea watoto watoke haraka? Kengele za bei kubwa siziwezi. Fundi mzuri wa kuchomelea pia nielekezeni.