Yule "mtaalamu wa miti ya asili" wa Lushoto leo kanivunjia heshima mbele za watu

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, na si baridi. Haya, na baridi pia, maana kipupwe cha Lushoto mwezi huu wa saba kinamtoa hata mbuzi machozi.

Simtaji. Mnamjua nyote. Yule wa fimbo na kofia pana, kipupwe kikianza tu anakusanya watu eti twende mlimani tukatambue miti ya asili. Nauli juu yako, chai juu yako, kumbe na maarifa uje nayo.

Tumepanda. Ukungu mzito hadi unamsalimia mtu kumbe kisiki. Akasimama chini ya mti mrefu, gome linabanduka mikanda mikanda, akafikicha jani, akatunusisha mmoja mmoja kama padri anayegawa komunyo. "Huu ndio mkulo, mti wa mababu wa Kisambaa."

MKARATUSI, wakuu! Mti wa Australia! Mimi mzaliwa wa Soni, maharage yangu yameivia kuni za mkaratusi tangu sina meno. Nikasema kwa adabu zote, "Samahani kaka, huu si mkaratusi?" Akanitazama kuanzia utosini, akashuka polepoleee hadi miguuni, akaweka kambi hapo. Halafu, mbele ya kundi zima na wale wadada wa Dar: "Wewe mwenye yeboyebo, rudi nyuma ukae na watoto."

Wewe mwenye yeboyebo! Kisa viatu vyangu vya plastiki!

Watu wamecheka hadi ndege wakahama msitu. Mdada mmoja akakalia jiwe kabisa ili acheke vizuri.

Nikarudi nyuma. Sasa sikieni: wale watoto wa kijijini ndio walionionyesha kwenye mwamba wenye ukoga na maji lile ua dogo la zambarau, African violet, lile ambalo bwana mkubwa wa Kijerumani wa Tanga alipeleka mbegu zake kwao 1892 na leo Ulaya wanaliweka dirishani kwenye vikopo. Mtaalamu na kundi lake walishalipita wanapiga selfi na mkaratusi. Lakini hilo silo. Ishu ni yeboyebo. Yaani mtu mzima, nina mke na mkopo wa benki, naambiwa WEWE MWENYE YEBOYEBO.

Mzee wa Kitimoto: Nimeshaweka kiti. Bila picha ya hizo yeboyebo uzi haujakamilika.

Binti Mlalo: Mkuu, ulipandaje mlima Julai na yeboyebo? Huyo kakuhurumia.

Mleta uzi: Dada, viatu si hoja! Hoja ni kuambiwa vile mbele za watu. Angeniita pembeni.

Jino la Mamba: Angekuita pembeni aseme nini, "Samahani bwana yeboyebo"?

Fundi Mbao: Tuweke sawa. Jani la mkaratusi uliokomaa ni refu, limepinda kama mundu. La mkulo kwa chini ni jeupejeupe, na gome na mbao yake ndiyo inayonukia kamfa. Wapasuaji waliumaliza kwa sababu ya mbao hiyo. Asiyetofautisha hiyo miwili asipewe hata fimbo.

Mleta uzi: ASANTE! Mwambieni!

Fundi Mbao: Ila na wewe kanunue viatu.

Kamau wa Baridi: Nyinyi mna bahati. Huku Nairobi kwa hiki kibaridi tulilipa tukaonyeshwa jakaranda. Jakaranda ya Amerika Kusini! Muiri wetu wa asili tukaupita kama jirani anayekudai, na ndio mti wanaouchuna gome hadi ukauke ili Ulaya wapate dawa ya tezi dume. Biashara yake inadhibitiwa na CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1995. Kiongozi wetu? Bize anauza kofia.

Jino la Mamba: Kofia bei gani?

Mama Nanasi: Mmenikumbusha mikaratusi. Jirani yangu hapa Arusha kapanda safu nzima mpakani, futi chache tu toka kisima changu. Kisima kikakauka. Nikimfuata ananiambia nimuombe Mungu mvua.

Kamau wa Baridi: Mama, huku Kenya 2009 waziri wa mazingira Michuki aliagiza ing'olewe kandokando ya mito na chemchemi. Ile kitu inakunywa kuliko mjomba wangu.

Mama Nanasi: Mjomba wako angalau hulala. Nimefika hadi kwa mwenyekiti wa mtaa, kumbe ni shemeji yake.

Binti Mlalo: Pole mama. Wa kwetu alipanda misindano, sindano zake zikidondoka hata majani ya ng'ombe hayaoti.

Mleta uzi: Jamani, tulikuwa kwenye yeboyebo.

Mzee wa Kitimoto: Mama Nanasi, mkatae huyo mwenyekiti, nenda kata. Beba picha za kisima na shahidi wawili wasio shemeji.

Fundi Mbao: Akikubali kung'oa, pandeni miringaringa. Inatoa mbao na haigombani na kisima.

Mama Nanasi: Miche napata wapi?

Jino la Mamba: Mimi nina ya parachichi tu, hass, imebebeshwa tayari. Njoo PM.

Kamau wa Baridi: Unatuma hadi Namanga?