Ni nani anayekata miche ya kabichi usiku?

Dada wa Uyole (Mbeya)

Ndugu zangu wakulima, habari za majukumu. Nyuma ya nyumba yangu nina matuta machache ya kabichi, karoti, njegere na figiri, ambayo tangu mvua zilipokatika mwezi wa Mei ninayamwagilia kwa ndoo kila jioni. Tatizo langu ni miche ya kabichi niliyoihamisha kutoka kitaluni hivi karibuni. Kila asubuhi ninakuta mingine imeanguka, shina limekatwa pale pale linapogusana na udongo, na majani yamelala kando yakiwa karibu mazima, jambo linalonishangaza kwa sababu mnyama mwenye njaa angeyala.

Alfajiri hiyo hiyo huwa ninawakuta ndege wakubwa wa rangi ya kijivu na kahawia, wenye midomo mirefu iliyopinda kuelekea chini, wakidokoa udongo katikati ya miche. Wakiniona huruka kwa kelele za kuamsha mtaa mzima. Jirani amenishauri nichanganye mahindi na dawa ya kuua wadudu kisha niyamwage bustanini ili ndege hao wafe. Kabla sijafanya hivyo naomba kujua kama kweli ndio wanaokata miche. Pia kuna kinyonga kwenye njegere ambaye watoto wanataka kumpiga mawe. Je, ana madhara yoyote kwa mboga?

Bwana Shamba Mstaafu (Iringa)

Dada, nakusihi usiyamwage mahindi hayo. Ndege unaowaeleza ni kwarara, na kwarara hali kabichi: mdomo ule mrefu ni wa kuchokonolea udongo ili kutoa minyoo, mabuu na viwavi. Anakuja kwako majira haya kwa sababu nje ya bustani ardhi imekauka na kuwa ngumu, ilhali matuta yako yana unyevu kila siku, kwa hiyo wadudu wamejikusanya hapo na yeye anawafuata. Huenda akang'oa mche mmoja kwa bahati mbaya anapochokonoa, lakini mche huo utaukuta na mizizi yake, haukukatwa.

Maelezo yako ya shina lililokatwa usawa wa udongo na majani yaliyoachwa ni dalili ya sota, yaani kiwavi wa nondo fulani wa usiku. Mchana hujificha ardhini karibu na mche alioukata, na giza likiingia hutoka kutafuta mwingine. Kesho asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda, fukua taratibu kwa kijiti kuzunguka shina lililoanguka, kina cha vidole viwili au vitatu tu. Ukikuta kiwavi mnene wa rangi ya udongo, anayejikunja kama pete unapomgusa, huyo ndiye. Ingekuwa konokono ungeona utelezi uliokauka unaong'aa juu ya majani, na majani yenyewe yangekuwa na matundu. Ingekuwa sungura wa porini, angekata juu zaidi na majani angeondoka nayo tumboni.

Kwa bustani ya ukubwa huo, kuwaokota kwa mkono kila asubuhi kunatosha. Miche iliyobaki izungushie ukanda wa gazeti kwenye shina, sehemu yake ifukiwe na sehemu ibaki juu ya udongo, ili sota asipate pa kung'ata. Kwa msimu ujao, palilia na utifue tuta wiki mbili au tatu kabla ya kupanda, kwa kuwa nondo hutaga sana penye magugu, na viwavi wachanga wakikosa cha kula hufa.

Narudia kuhusu sumu, kwa sababu jambo hili linaniumiza ninapoliona vijijini. Mahindi yenye sumu hayachagui. Yataliwa na kuku wa jirani huyo huyo, na njiwa, na panya, kisha bundi atakayemla panya aliyelewa sumu atakufa naye, wakati bundi mmoja ana faida kubwa kwa ghala la mahindi la mtaa mzima.

Mama Njegere (Tukuyu)

Mdogo wangu, huyo kinyonga waombe watoto wamwache. Hana sumu, hagusi mboga, na anachokitafuta kwenye njegere zako ni nzi, panzi na viwavi. Huku kwetu Rungwe na kwenye milima ya Poroto yuko hata kinyonga wa pembe tatu ambaye haonekani kwingine duniani nje ya nyanda hizi, kwa hiyo watoto wakizoea kurusha mawe watapoteza kitu ambacho wageni husafiri mbali kuja kukitazama. Mimi wangu niliwaketisha mbele yake mpaka wakauona ulimi ukifyatuka na kurudi na nzi, na tangu siku hiyo wao ndio walinzi wake.

Wa kuwaangalia kwenye njegere ni kuzumburu, wale ndege wadogo wenye mikia mirefu wanaokuja kwa kundi na kunyofoa majani machanga na maua. Hao dawa yao ni wavu uliokazwa vizuri juu ya vijiti. Usiuache ukilegea, maana ndege na vinyonga hunasa miguu.

Dada wa Uyole (Mbeya)

Mzee wangu, shikamoo, na Mama Njegere, asante sana. Leo asubuhi nimefukua kama ulivyoelekeza, na chini ya karibu kila mche ulioanguka nimemkuta kiwavi wa kijivu, laini kama aliyepakwa mafuta, amejikunja. Nimewatupia kuku. Magazeti nitayafunga jioni. Ila kwenye tuta la karoti mambo ni tofauti: majani yananyauka ghafla, nikiyavuta yanatoka mkononi bila karoti, na pembeni kuna kichuguu kidogo cha udongo mbichi. Sota anafanya hivyo pia?

Kijana wa Makete

Hapana, dada, huyo ni fuko. Sisi tunaolima viazi tunamfahamu sana, kwani hula mizizi akiwa chini kwa chini na hana haja ya kutoka juu. Kumwagia maji shimoni hakusaidii, kwa sababu njia zake ni ndefu na zina matawi mengi. Kwa tuta dogo kama lako, subiri uvune kilichobaki, kisha ondoa udongo kina cha jembe, tandaza wavu wa chuma wenye matundu madogo chini na uupandishe pembeni mwa tuta, halafu rudisha udongo na samadi. Wavu wa plastiki usiununue, ataukata kwa meno. Wakati ukisubiri, karoti mpya zipande kwenye ndoo zilizotobolewa chini.