Naomba ushauri: nafasi ya mafunzo kazini Finland au Nairobi, kwa bwana miti anayeanza?

Binti_Makete
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi.

Nina shahada ya misitu ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) na sasa niko Njombe kwa mkataba, nafanya kazi na vikundi vya wakulima wa miti. Tunapima mashamba, tunafundisha kupogolea na kupunguza miti, na kila ada za shule zikikaribia tunawasihi watu wasiuze paini changa kwa wenye dingdong, zile mashine ndogo za kupasulia mbao. Kazi hii naipenda na nataka kuibobea.

Nimepata nafasi mbili. Moja ni Finland, Mei hadi Septemba, kwenye chama cha wenye misitu. Wanatoa malazi na posho ya chakula, ila nauli, viza na bima ni juu yangu. Nyingine ni Nairobi, kwenye utafiti wa kilimo misitu, yaani miti inayokuzwa pamoja na mazao. Posho ipo ya kutosha, lakini kazi yenyewe ni takwimu na ramani, ofisini muda mwingi. Baba anasema niende Ulaya, na yuko tayari kuuza shamba la milingoti ili nipate nauli. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nifanyeje?

Kipenyo_1.3
Marahaba mdogo wangu. Nimefanya kazi na Wafini enzi za Panda Miti Kibiashara, ule mradi wa Finland na Tanzania wa wakulima wa miti, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Usiende Finland kujifunza kukuza miti. Paini ya kule husubiri miaka 60 na zaidi kabla ya kuvunwa, na ardhi yao ni ya baridi. Ratiba zao za kupunguza miti hazitakusaidia Makete. Kinachofaa ni hicho chama chenyewe. Zaidi ya nusu ya misitu ya Finland ni mali ya familia, watu wa kawaida wenye vipande vyao kama wakulima wako. Wanajiunga, chama kinawapangia mpango wa msitu, kinawatafutia mnunuzi na kusimamia mauzo. Mkulima wa Njombe anauza peke yake, anakadiriwa kwa macho, na bei anapangiwa na mwenye mashine. Ukikaa miezi hiyo pembeni ya mtu anayeandaa mauzo, ukaona mkataba unavyoandikwa na mbao zinavyopimwa, utarudi na kitu cha kufanyia kazi.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia nauli, waandikie uwaulize: nitakaa na nani kila siku, na nitafanya kazi gani kwa mkono wangu? Wakikujibu kwa maneno ya jumla tu, achana nao.

Mninga_wa_Kilwa
Mkuu hapo juu umesema vizuri, lakini mimi ningeenda Nairobi. Dada, ujuzi wa takwimu ndio unaokosekana huku. Tangu NAFORMA, ule mradi wa kitaifa wa kutathmini misitu, ipime misitu ya nchi nzima, wanaoweza kuchukua data za viwanja vya sampuli wakazichambua wenyewe bado ni wachache. Mtu anayejua QGIS na R (programu za kompyuta za ramani na takwimu), na aliyeshika kalipa ya kupimia unene wa miti porini kama wewe, hakosi kazi.

Na angalia kalenda. Mei hadi Septemba hukosi msimu wa kupanda, maana Njombe mnapanda mvua za Desemba. Lakini unaacha wakulima wako kiangazi kinapoanza, wakati wa kusafisha barabara za kuzuia moto. Nani atawafuatilia?

Shamba la mzee lisiuzwe. Milingoti ikiuzwa haraka huuzwa kwa hasara, wewe mwenyewe unawafundisha watu hivyo.

Olmotonyi_Mzee
Wanaosoma huu uzi wajue pia: mtu akikudai hela "ya kukuunganisha" na nafasi ya nje, kimbia. Mwenyeji halisi hukuandikia barua yeye mwenyewe. Na nchi zetu ziko Jumuiya ya Madola, fuatilieni Commonwealth Forestry Association, chama cha watu wa misitu wa Jumuiya hiyo. Imewahi kuwapa vijana wa misitu nafasi za kufanya kazi katika nchi nyingine mwanachama.

Binti_Makete
Asanteni sana, nimewasoma wote. Nimeshamwambia baba asiuze. Finland nimewaandikia kuuliza ratiba na msimamizi, na kama naweza kusogezwa hadi mwakani nikajichange. Kipenyo, kuna la kuongeza kwenye barua?

Kipenyo_1.3
Lipo. Waambie unachowapelekea. Tanzania ina misitu ya hifadhi ya vijiji chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, ambapo kijiji ndicho kinachoamua na kuvuna. Wafini wengi wa vyama hawajawahi kukaa na mtu aliyesimama kwenye mkutano mkuu wa kijiji kujadili msitu. Omba siku moja ya kuwaeleza wanachama wao. Na bima iwe ya ajali za kazini, ya safari peke yake haitoshi, maana utakuwa karibu na misumeno.

Mninga_wa_Kilwa
Nairobi usiwajibu hapana bado. Waulize kama nafasi inaweza kuanza Oktoba.