Taa mkubwa wa Scotland: Oban, Orkney au niende Ireland? Naomba ushauri wa boti na vifaa

Ndoana_Butu:
Wakuu habari zenu. Nisaidieni kabla sijalipa hela ya watu. Mimi na bro wangu tumepania mwaka huu tumtafute yule taa mkubwa wa maji marefu, wenyewe wanamwita flapper skate, sio hawa taa wa ukubwa wa sinia wanaonaswa ufukweni. Nina machaguo matatu na kila nikilala nikiamka nimebadilisha mawazo.

La kwanza ni Oban, bandari ya magharibi ya Scotland, boti ya watu 8, siku nzima, inatia nanga Firth of Lorn au inashuka mpaka Sound of Jura, kina kama mita 150 hivi. La pili Orkney, visiwa vya kaskazini ya Scotland, boti ndogo ya watu 4 tu, hii naipenda kwa sababu hakuna kugombania nafasi ila kuna mambo ya feri kutoka Scrabster. La tatu Clew Bay, magharibi ya Ireland, shemeji anasema huko hata taa akigoma unarudi umevua samaki wengine.

Rodi tulizonazo ni za kuvulia botini, za mshipi wa paundi 30. Mshipi uwe breidi (ule wa nyuzi zilizosukwa) au nailoni? Ndoana za duara au hizi za kawaida? Uzoefu wetu ni papa wadogo mara mbili tatu, kwa hiyo msinione mjuaji.

Mzee_wa_Chubwi:
Karibu sana kijana. Umeuliza wapi, hujauliza lini, na hapo ndipo watu wengi wanapoumia.

Taa huyu analala chini kabisa, anatafuta chakula kwa harufu, kwa hiyo chambo lazima kitulie kwenye tope. Kikiinuka mita moja tu umepoteza muda. Sasa huo mlango wa Jura mkondo wake sio wa mchezo, pale jirani kati ya Jura na Scarba ndipo ilipo Corryvreckan, bahari inazunguka kama chungu kinachokorogwa na mkondo unapita noti 8. Boti haiendi kuvua pale ndani bila shaka lakini maji ni yaleyale yanayopita huku na huku. Siku za maji mafu, mkondo ukiwa dhaifu, chubwi (kile kizito cha kuzamisha mshipi) la nusu kilo linakaa chini vizuri. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, mkondo ukiwa mkali, unafunga kilo nzima na bado linatembea, mshipi unapinda kama upinde, hujui kama umeshika samaki au umeshika mkondo.

Mimi mara ya kwanza nilichagua Jumamosi kwa sababu ndio nilikuwa na off. Sikuangalia mwezi. Tulifika, nahodha akatia nanga, tukavua labda saa mbili pale maji yaliposimama halafu basi, siku iliyobaki yote tumekaa tunaangalia rodi zinatetemeka na jamaa mmoja anatapika upande wa kulia. Nahodha alijua, hakusema, alishapokea hela yake. Tangu siku hiyo nafungua jedwali la maji kwanza, boti baadaye.

Kwa hiyo ushauri wangu ni Oban, lakini Oban ya maji mafu. Kama tarehe zilizobaki ni za bamvua tupu, bora ukae nyumbani.

Bamvua77:
Jina langu lisikutishe mzee 😂 nakubaliana na wewe.

Ila msiidharau Orkney. Nimeenda mara mbili, taa wapo na ni wakubwa kweli, na boti ya watu wanne ni raha, nane mkivua mita 150 chini mishipi ikasokotana mnatumia nusu saa kufumua. Tatizo lake ni upepo. Feri ya Scrabster kwenda Stromness ni saa moja na nusu tu, hiyo sio shida, shida ni kufika umelala usiku mbili halafu nahodha anakwambia leo hatutoki, kesho hatutoki. Oban una visiwa vinakukinga, Mull uko upande wa magharibi, upepo ukigeuka nahodha anajificha kwenye Sound of Mull na bado mnavua. Mtu mwenye siku moja au mbili za likizo aende Oban. Mwenye wiki nzima aende Orkney.

Clew Bay sijafika. Lakini kwa kumsikiliza shemeji wako, hiyo ni safari ya uvuvi mchanganyiko. Kama lengo ni taa mmoja mkubwa usipeleke chambo kidogokidogo ukashinda unavutana na papa wadogo.

Alafu kitu kingine watu wanachanganya. Zamani wote waliitwa common skate, mpaka kwenye mwaka 2010 watafiti wakaonyesha ni aina mbili tofauti. Huyu mkubwa, Dipturus intermedius, jicho lake ni kijani kibichi iliyokolea, karibu na weusi. Mwenzake, ambaye ni mdogo zaidi, jicho lake ni la njano iliyopauka. Kusini ya Ireland huko utakutana zaidi na huyo mdogo. Wa Scotland magharibi ndiye unayemtaka wewe.

Kichwa_Ngumu:
Samahani kwa kuingilia, kwani mkishampata mnamfanya nini? Naona wote mnaongea kumvuta tu, hakuna anayeongelea sufuria.

Dada_Ngisi:
Kichwa Ngumu huyu hapelekwi jikoni. Marufuku. Tangu 2009 vyombo vya biashara vimekatazwa kumleta nchi kavu, akinaswa anarudishwa mzima, na boti zote za Oban ni kushika na kuachia. Yuko kwenye kundi la juu kabisa la hatari ya kutoweka. Yai lake moja linachukua karibu miezi 18 kuanguliwa, yaani mwaka na nusu yai limekaa chini ya bahari, na mpaka huyo mtoto azae ni miaka zaidi ya 10 mingine. Ukila mmoja umekula ukoo.

Sasa Ndoana Butu, vifaa. Hizo rodi za paundi 30 ziache nyumbani, au zitumie kuvulia vibua vya chambo. Chukua za paundi 50, fupi na ngumu, boti nyingi wanakuazima, uliza. Sababu sio kwamba samaki anakimbia sana. Hakimbii. Anakaa. Anajilaza chini na yale mabawa yake anajibana kwenye tope kama kifuniko, na unachofanya ni kumbandua. Mtu aliyezoea papa anategemea mbio, anashangaa hakuna mbio, ni kama umefunga mshipi kwenye mlango wa stoo na stoo yenyewe imefungwa kwa ndani. Dakika 10 hamna kinachotokea, kiuno kinawaka, halafu ghafla anaachia, unapata mita 20 za bure, unafurahi, anageuka anarudi chini zote ishirini. Hapo ndipo rodi laini inakuua, inapinda tu, samaki hahisi kitu. Na mkanda wa kiunoni wa kushikilia rodi sio pambo.

Breidi, tena paundi 80. Usifikirie mara mbili. Kwenye mita 150 nailoni inanyumbuka kama raba, taa anaweza kula chambo chote hujasikia, na kwa vile ni nene mkondo unaibeba unalazimika kuongeza chubwi. Breidi nyembamba inakata maji. Ila breidi isimguse samaki. Mwisho weka nailoni nene ya paundi 200 au zaidi, mita mbili hivi, kwa sababu ngozi yake ni msasa na mkia una miiba, breidi ikisugua pale mara moja imekatika na samaki ameondoka na ndoana mdomoni.

Ndoana nimejaribu zote. Za kawaida za saizi 8/0 au 10/0 zilizobanwa kile kijino cha nchani kinachozuia ndoana kuchomoka zinatoka haraka, na samaki anayekuja kuachiwa unataka itoke haraka. Ubaya wake ni kwamba ukichelewa kukaza anaimeza. Za duara zinashika pembeni ya mdomo, karibu kila mara, lakini hazitaki papara, wewe unakaza taratibu tu, ukivuta kwa nguvu kama unaua nyoka inatoka mdomoni tupu. Kwa mtu wa mara ya kwanza mimi nasema za duara, na hizo pia ubane kijino.

Mzee_wa_Chubwi:
Dada umemaliza. Naongeza chambo tu. Kibua mzima au wawili kwenye ndoana moja, mkate mkia. Usipomkata mkia anazunguka ukiwa unamshusha, mshipi unafika chini umeshakuwa kamba. Ukiweza mvalishe na ngisi juu yake, harufu mara mbili. Na uwe mkubwa, chambo cha ukubwa wa kiganja watakusafishia wengine kabla mwenyewe hajafika.

Na akigusa, tulia. Ncha ya rodi itanesanesa tu, kama mtu anayesinzia kwenye basi. Hapo ameshalalia chambo na bado anakisogeza kuelekea mdomoni, maana mdomo uko chini ya tumbo, hakioni. Hesabu, vuta pumzi, hata dakika mbili tatu. Mshipi ukianza kuondoka polepole ndio unafunga breki na kukaza.

Ndoana_Butu:
Aisee nimejifunza kuliko nilivyolipia hapo kwanza. Basi Orkney naiweka pembeni mpaka nipate likizo ndefu, Ireland shemeji aende mwenyewe. Oban. Ila bro anauliza, wanapimaje kilo? Anataka kupiga picha amening'inizwa kwenye mizani kama zile picha za zamani.

Dada_Ngisi:
Mwambie bro hizo picha za zamani zibaki za zamani 😅

Huyu hana mifupa, ni gegedu tupu, ukimning'iniza uzito wake mwenyewe unamchana ndani. Rekodi ya Uingereza ni paundi 227, kilo 103, Tobermory mwaka 1986, na tangu hapo wamepatikana wanaokadiriwa kuzidi hapo lakini hakuna anayewapandisha kwenye mizani. Siku hizi unapima urefu kutoka puani mpaka mwisho wa mkia na upana bawa kwa bawa, unaangalia kwenye jedwali, linakupa kilo. Jike anaweza kupita mita mbili. Dume utamjua kwa vile viungo viwili virefu pembeni ya mkia.

Anakaa kwenye mkeka ulioloweshwa, wewe umepiga magoti pembeni, picha mbili, maji yanamwagiwa, anarudi. Asishikwe kwenye matundu ya nyuma ya macho, asivutwe mkia. Na vidole mbali na mdomo, hana meno ya kung'ata kama papa lakini yale mataya yanaponda kaa na magamba yake. Nilishawahi kuona glavu ikiingia mle. Bahati mkono ulikuwa umeshatoka.

Picha muhimu kuliko ya bro ni ya mgongo kutoka juu, madoa yote yaonekane. Madoa yake ni kama alama za vidole, hawafanani wawili. Unaituma kwa SkateSpotter, mradi unaotunza picha za taa hawa, wanakutafutia kama alishawahi kushikwa. Wa kwangu wa pili alikuwa ameshapigwa picha na mtu mwingine, sehemu ileile karibu. Wengi wao hawahami, ndio maana 2014 walitenga hifadhi kuanzia Loch Sunart mpaka Sound of Jura kwa ajili yao.

Bamvua77:
Hapo kwenye hifadhi, kuna sehemu nyingine kule karibu na Skye, Red Rocks na Longay, walikuta mayai mengi yametagwa kwenye mawe, wakaifunga kwa dharura 2021 halafu 2023 ikawa ya kudumu. Usimwombe nahodha akupitishe huko hata kama umesikia ni pazuri. Nahodha anayekubali ombi hilo mwogope kwa mengine pia.

Na swali la kumuuliza kabla ya kulipa sio "mnashika wangapi kwa siku". Muulize ana mkeka? Ana mlango wa pembeni wa kumwingizia samaki, au anamwinua juu ya ukingo? Kamba ya nanga ina urefu gani? Mita 150 za maji zinataka kamba mara mbili mpaka tatu ya hapo, akisitasita jua huwa anaachia boti ielee na mkondo, na kwa taa kuelea ni bahati nasibu.

Kichwa_Ngumu:
Yaani mnaamka saa kumi na moja alfajiri, mnaumia viuno nusu saa, mnampiga picha mgongo mnamrudisha. Na kuna foleni ya kulipia. Sawa.

Mzee_wa_Chubwi:
Njoo siku moja. Ukiona lile bawa la kwanza linatokea kwenye maji meusi, linapanuka tu haliishi, hutauliza tena sufuria.

Ndoana_Butu:
Mrejesho wakuu. Nimempigia nahodha wa Oban nikamuuliza yote matatu. Mkeka anao, mlango wa pembeni anao, kamba anasema mita 400 na akacheka, akaniuliza nani kanifundisha. Tarehe za maji mafu zimebaki mbili tu mwezi ule, Jumanne na Alhamisi, boti ina nafasi mbili Jumanne, Alhamisi moja. Bro Jumanne yuko kazini.

Dada_Ngisi:
Nenda Alhamisi, peke yako. Utamtumia picha ya mgongo.