Wafanyakazi wangu hawaniambii mambo mabaya mpaka yaharibike kabisa. Kiongozi wa biashara afanyeje?

Mwoka Mikate (Morogoro) ameandika:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, lakini leo nimeona nilete swali langu kwa sababu jambo hili linaninyima usingizi.

Mwaka jana baba yangu mdogo alipumzika kazi na kunikabidhi kiwanda chake cha mikate chenye wafanyakazi 31, wakiwemo waokaji wa zamu mbili, madereva na watu wa stoo. Kabla ya hapo nilikuwa mhasibu kwa miaka tisa, kwa hiyo vitabu vya hesabu havinisumbui. Kinachonisumbua ni watu.

Siku mbili kabla ya Idd, mashine kubwa ya kukandia unga ilisimama. Fundi alipoifungua alikuta beringi imesagika na shafti imelika, akaniambia kuwa mashine ya namna ile haifi ghafla, na kwamba lazima ilikuwa ikipiga kelele kwa muda mrefu. Nilipouliza ndipo nikagundua kuwa zamu nzima ya usiku ilikuwa ikiisikia kwa karibu wiki tatu. Hakuna aliyeniambia, ingawa kila asubuhi napita kuwasalimu na kuwauliza habari za kazi, nao hunijibu kuwa ni nzuri. Tulikanda kwa mikono usiku kucha na bado tulishindwa kuwatimizia mawakala oda zao, na wawili kati yao hawajarudi mpaka leo.

Sijamfukuza mtu, sipigi watu kelele, na mishahara inatoka kwa wakati. Nimesoma mengi kuhusu sifa za kiongozi bora, kwamba awe na maono, ajiamini, awe mnyenyekevu na mwenye maamuzi, lakini sioni ni sifa gani kati ya hizo ingenisaidia kuisikia ile mashine. Naomba mnisaidie: ni mazoea gani ya kila siku ambayo kiongozi anaweza kujijengea ili habari mbaya zimfikie mapema? Na je, kasoro iko kwangu au kwa wafanyakazi?

Mstaafu wa Viwandani (Tanga) amejibu:

Mwanangu, pole kwa hasara hiyo, na nakupongeza kwa kuuliza swali lenyewe badala ya kutafuta wa kumlaumu. Nimefanya kazi viwandani kwa zaidi ya miaka thelathini, na naweza kukuambia kwamba ulichokiona Morogoro kimewahi kuonekana hata katika kampuni kubwa sana duniani.

Alan Mulally alipochukua uongozi wa Ford kule Marekani mwezi Septemba 2006, akitokea Boeing, kampuni hiyo ilikuwa ikielekea kwenye hasara ambayo kwa mwaka ule ilizidi dola bilioni 12. Alianzisha kikao cha kila Alhamisi asubuhi, ambapo kila mkuu wa idara alitakiwa kuonyesha hali ya kazi zake kwa rangi tatu: kijani kwa jambo linalokwenda kama lilivyopangwa, njano kwa lenye mashaka, na nyekundu kwa lililokwama. Wiki za mwanzo chati zote zilikuwa za kijani. Mulally akawauliza inakuwaje kampuni inapoteza mabilioni ya dola na hakuna hata jambo moja linalokwenda vibaya.

Hatimaye Mark Fields, aliyekuwa akisimamia shughuli za bara la Amerika, alileta nyekundu. Gari jipya aina ya Edge lilikuwa limezuiwa kutoka katika kiwanda cha Oakville, Kanada, kwa sababu ya hitilafu katika mlango wake wa nyuma. Chumba kikanyamaza, kwa kuwa watu waliamini kwamba huo ndio mwisho wa kazi ya Fields. Mulally akapiga makofi, akamshukuru kwa kusema wazi, kisha akawageukia wengine na kuuliza ni nani anayeweza kumsaidia. Wenzake wakaanza kujitolea, mmoja wataalamu, mwingine uzoefu wake wa tatizo linalofanana na lile. Baada ya muda si mrefu chati za wengine nazo zikaanza kuwa na rangi zote tatu. Fields hakufukuzwa, mwaka 2014 yeye ndiye aliyemrithi Mulally.

Watu wengi wanaosimulia kisa hiki hukomea kwenye makofi. Mimi naona kilichoibadilisha kampuni ni lile swali lililofuata. Makofi yanamwambia mtu kwamba hataadhibiwa, lakini swali la nani atasaidia linamwambia kwamba kusema kwake kutamwondolea mzigo. Mwokaji wako wa usiku aliisikia ile beringi. Jiulize angepata nini kwa kukuambia. Kama angepata maswali tu na lawama ya kwamba yeye ndiye aliyeitumia mashine vibaya, basi kunyamaza kwake kulikuwa uamuzi wa busara kwa upande wake, na kasoro haikuwa ya tabia yake.

Zingatia pia kwamba kikao kile kilikuwa cha kila wiki bila kukosa. Kiongozi anayeita watu siku ya maafa tu huwafundisha kwamba kuitwa ni balaa. Wewe huhitaji chati. Dakika kumi na tano za kubadilishana zamu, mkiwa mmesimama kando ya tanuri, zinatosha, mradi zisikose hata siku ambayo wewe mwenyewe una mambo mengi.

Afisa Utumishi (Dar es Salaam) amejibu:

Kaka, nakubaliana na mzee hapo juu, lakini kabla hujaanzisha kikao chochote naomba ujibu swali moja. Kitu kinapovunjika au kupotea hapo kiwandani, ni nani anayekilipia?

Nauliza kwa sababu katika kazi yangu nimekuta jambo hili mara nyingi mno. Mwajiri ni mpole, anasalimia watu vizuri na anahudhuria misiba yao, lakini mwisho wa mwezi trei iliyopinda, mfuko wa unga uliochanika na mikate iliyoungua vyote vinakatwa kwenye mishahara. Mfanyakazi hahukumu upole wa bosi kwa sauti yake. Anauhukumu kwa karatasi ya malipo. Ukiwa na utaratibu huo, yeyote anayeripoti mashine inayopiga kelele anajiandikia deni.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata tu kwa kuwa amepata hasara. Makato ya kufidia hasara yanahitaji mfanyakazi awe ameyakubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake mwenyewe, aelezwe kwa maandishi sababu ya deni, kiasi chake na jinsi kilivyokokotolewa, apewe nafasi ya kulipinga, kiasi hicho kisizidi hasara halisi, na jumla ya makato hayo isizidi robo ya ujira wake. Beringi iliyochakaa kwa kutumika haiwezi kuwa kosa la mtu wa zamu ya usiku.

Naomba usinielewe kwamba nasema kila uharibifu usamehewe. Mwizi ni mwizi, na mzembe aliyeonywa mara tatu ana utaratibu wake wa nidhamu. Ninachosema ni kwamba kiongozi anapaswa kutenganisha mambo mawili ambayo waajiri wetu wengi huyachanganya: kutafuta chanzo cha tatizo na kutafuta mtu wa kulipa. Yakifanyika kwa wakati mmoja, katika chumba kimoja, na mtu yuleyule, hutapata chanzo kamwe.

Msimamizi wa Zamu (Kericho) amejibu:

Ndugu mwoka mikate, mimi nasimamia zamu katika kiwanda cha chai, kwa hiyo nazungumza nikiwa upande wa wale wanaonyamaza.

Umesema kwamba kila asubuhi unawauliza habari za kazi nao wanakujibu kuwa ni nzuri. Hawakukudanganya. Kwa Kiswahili, anayeulizwa habari hujibu nzuri, hata akiwa anatoka hospitalini. Ndiyo adabu tuliyolelewa nayo, na ubaya husubiri nyuma ya neno "ila" endapo muulizaji atakaa kidogo. Wewe ukisalimia huku unatembea, ile "ila" hukuti nafasi ya kuisikia. Salamu ibaki salamu. Ukitaka taarifa, uliza jambo linalotaka taarifa: ni kitu gani kiliwachelewesha usiku, ni mashine gani inahitaji kuguswa mara kwa mara ili iende, ni kazi gani mnaifanya kwa kubahatisha. Kisha simama usubiri, hata kimya kikirefuka.

Jambo la pili ni la uchungu kwangu. Nilipokuwa bado kijana katika kiwanda nilichoanzia kazi, ambacho sitakitaja, niliripoti mkanda wa mashine uliokuwa ukiteleza. Niliambiwa kwamba utaangaliwa. Baada ya wiki nilikumbusha, nikaambiwa nifanye kazi yangu. Ulipokatika, mwenzangu alijeruhiwa mkono, na katika kikao cha uchunguzi swali la kwanza lilikuwa ni kwa nini sikuuzima. Hakuna aliyekuwa amenipa mamlaka ya kuuzima. Tangu siku ile hadi nilipoondoka pale sikuripoti kitu kingine, na nasema hivyo kwa masikitiko kwa sababu nilijua kwamba ninakosea.

Kwa hiyo, unapowaomba wakuambie, wape pia uwezo wa kutenda. Katika viwanda vya Toyota, mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro huvuta kamba au hubonyeza kitufe kilicho kwenye kituo chake. Kiongozi wa kikundi hufika mara moja, na tatizo lisipotatuliwa kwa haraka mstari wa uzalishaji husimama. Waanzilishi wa kampuni hiyo walitoka kwenye ufumaji, ambako Sakichi Toyoda alitengeneza mtambo wa kufuma uliojisimamisha wenyewe uzi ulipokatika, ili kitambaa kibovu kisiendelee kufumwa. Kwako wewe, itoshe mtu mmoja wa zamu ya usiku awe na ruhusa ya kuzima mashine na kumpigia fundi simu bila kukuamsha.

Mfanyabiashara wa Jumla (Nairobi) amejibu:

Nitaongeza moja tu kwa kuwa wenzangu wamesema mengi. Habari mbaya hazikai kiwandani peke yake, nyingine ziko kwa watu wa nje, na kiongozi lazima akubali kuzisikia. Benki ya Equity tunayoijua leo ilianza mwaka 1984 ikiwa chama cha kukopesha nyumba, na kufikia mwaka 1993 Benki Kuu ya Kenya iliiona kuwa imefilisika kiufundi, yaani madeni yake yalizidi mali yake ingawa milango ilikuwa bado wazi. Mwaka huohuo mwanzilishi wake, Peter Munga, alimwita James Mwangi aje kusaidia. Walikubali kwamba biashara waliyokuwa wakiifanya haikuwa ikifanya kazi, wakaacha kutegemea mikopo ya nyumba, wakawageukia watu wadogo wa sokoni na mashambani ambao benki nyingine hazikuwataka. Ikawa benki kamili mwisho wa mwaka 2004, na hisa zake zikaingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2006.

Wale mawakala wawili ambao hawajarudi, umekwenda kuwaona wewe mwenyewe? Mimi nanunua mikate ya watu kila siku, na ningeweza kumweleza mwenye kiwanda mambo ambayo hata waokaji wake hawayajui, ila huwa anamtuma dereva.

Mwoka Mikate (Morogoro) ameandika:

Nawashukuru sana, na naomba radhi kwa kukaa kimya siku kumi. Nilitaka nirudi nikiwa na jambo la kuwaeleza.

Dada Afisa Utumishi, swali lako lilinipeleka kwenye vitabu vyangu mwenyewe. Utaratibu wa kukata ulianza enzi za baba mdogo, nami niliuendeleza bila kufikiri, kwa kuwa kwenye hesabu ulionekana kama mstari wa kawaida tu. Nimekuta makato 14 tangu nilipoanza. Hakuna hata moja lenye barua wala saini ya mfanyakazi. Kumi na mawili nimeyarudisha kwenye malipo ya mwezi huu, na nimewaeleza wote sababu. Mawili yanahusu unga uliopotea stoo, na hayo nitayafuata kwa utaratibu wa maandishi kama ulivyoeleza. Baba mdogo hakufurahi, na nimekaa naye jioni mbili kumweleza.

Ndugu wa Kericho, niliacha kuuliza habari za kazi kama swali la taarifa. Nimekuwa nikifika saa kumi na moja alfajiri wakati wa kubadilishana zamu na kuuliza ni kitu gani kinawasumbua. Siku tatu za kwanza hawakusema kitu, nami nilisimama tu. Siku ya nne mama mmoja wa zamu ya usiku, ambaye amefanya kazi pale kabla mimi sijamaliza shule, alisema kuwa mlango wa tanuri la pili haufungi sawasawa na kwamba wanauegemeza kwa chuma tangu mwezi wa Ramadhani. Alipomaliza kusema aliniangalia usoni. Nilimwomba anionyeshe, tukaenda pamoja, nikampigia fundi simu tukiwa tumesimama palepale. Alifika saa tatu akabadilisha bawaba.

Jana asubuhi waliniletea mambo matano. Mojawapo linahusu ratiba ya zamu niliyoipanga mimi mwenyewe, na bado sijajua namna ya kulitatua bila kuongeza mtu. Wakala mmoja nimemwona, amekubali kuanza tena kwa trei kumi. Wa pili naenda kumwona Jumamosi.